Ndani Muziki, Nje Ngoma

Kinanda kilipandishwa mlima wa Kwale kutoka Diani kwa lori la kubebea kokoto, kimefunikwa makuti, vijana wamekishikilia kila upande kama wanaoshika ng'ombe wa kuchinjwa. Kilikuwa cha Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha vitu vyake arudi kwao. Kilipofika juu, baadhi ya sauti zake zilikuwa zimeng'oka njiani, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Mamangu na wanawake wenzake wa Msambweni walishushwa na basi pale Kombani, wakaupanda mlima huo huo kwa miguu, pembe zao za kupigia nyimbo wamezifunga ndani ya leso. Kabla ya siku ya sherehe niliuliza mbele ya kamati ya burudani: kwa nini kinanda kipewe lori na watu wapewe vumbi? Nikaambiwa kinanda hakina miguu.

Watu walicheka. Mume wangu pia alicheka, kwa sababu aliyejibu alikuwa mkubwa wake wa kazi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Tulikuwa tukikaa kwenye nyumba za serikali, mume wangu akiwa karani. Mimi nilitoka sekondari ya wasichana, nikaolewa, nikazaa, yote kwa mfululizo hata sikupata nafasi ya kuuliza kama ndivyo nilivyotaka. Binti yangu alikuwa wa miezi michache tu, ananyonya. Sasa ukumbi mpya ulikuwa umekwisha kujengwa, mgeni mkubwa anakuja kutoka Mombasa kuufungua, na afisa wa maendeleo, huyo mkubwa wa mume wangu, akaunda kamati ya burudani. Nilitiwa humo kwa kuwa nilikuwa mwanamke aliyesoma na niliimba kwaya shuleni. Akili yangu hakuna aliyeihitaji, na nilipoitoa bila kuombwa iliwakera.

Afisa alikuwa mtu wa bara, kijana bado, amevaa suti ya kijivu ambayo joto letu halikuwahi kumvua. Nitasema kweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu. Alisalimia hata watoto. Kikao cha kwanza alisimama, akaweka mkono mmoja huku na mwingine kule.

"Ndani, muziki," akasema. "Nje, ngoma. Mgeni atakaa ndani asikie muziki wa klasiki. Akitoka, wananchi watampigia ngoma akienda kwa gari yake. Namna hiyo kila mtu anafurahi."

"Klasiki ndiyo nini, bwana?" akauliza mzee mmoja, mfugaji kutoka Kinango.

"Ni muziki ya kukaa chini na kusikiliza. Hapana rukaruka."

"Basi hotuba ya Ijumaa nayo ni klasiki. Huko nako haturuki."

Tulipofika kwenye taarabu afisa aliumwa na kichwa. Maneno ya taarabu ni Kiswahili cha hapa hapa, waimbaji tunawajua, mmoja wao anauza samaki. Lakini wana fidla. Mwisho fidla ndiyo iliyowaokoa.

"Wenye fidla waingie ndani," akakata shauri.

"Na vugo?" nikauliza mimi.

"Vugo ni nini?"

Vugo ni pembe ya nyati. Wanawake hutembea wakiipiga kwa kijiti, mmoja akitoa ubeti, wengine wakiitikia, wakimpeleka bwana harusi au wakimfuata bibi harusi. Kuna nyimbo za kutoka nyumbani, kuna za njiani, na kuna za mlangoni. Ukiimba ya njiani umeshafika mlangoni, bibi yeyote aliyekaa uani atakunyamazisha, na atataja na ukoo wako. Mamangu ndiye aliyekuwa akitoa nyimbo Msambweni, na kabla yake alikuwa shangazi yake. Shangazi huyo alimfundisha kwa vibao vya mgongo.

Nilieleza yote hayo. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni ngoma."

"Hakuna ngoma hata moja. Ni pembe."

"Pembe ya mnyama, mama! Hiyo ndiyo ngoma kabisa."

"Na nyuzi za fidla zinatoka wapi? Nilifundishwa na Mwingereza, zinatoka kwenye matumbo ya kondoo."

Mzee wa Kinango alicheka mpaka akatoka nje kutema mate. Safari hii mume wangu hakucheka. Nyumbani aliniambia, "Mke wangu, tafadhali, usiniharibie kazi." Nikamjibu kwamba kazi inayoharibiwa na tumbo la kondoo haikuwa kazi. Tukalala tumenuniana.

Lakini nilipata kitu kimoja. Vugo lilibaki nje. Mamangu akapewa kiti ndani, kwa sababu mimi nilikuwa nimepangiwa kuimba humo na yeye ni mzazi wangu. Nilikipigania kiti hicho kuliko nilivyopigania mahari yangu.

Yeye ndiye aliyenipeleka shule. Babangu alikwisha kufa, na ami zangu walisema msichana haendi kulala kwa Wazungu kufundishwa kuimba. Mamangu aliwaambia, "Ataenda. Na kama ni kuimba, kuimba ni kazi ya nyumba hii." Kila likizo alikuwa akiniuliza, "Haya, wanakuimbishaje huko?" Nami nilikuwa nikimwambia ngoja, iko siku utasikia. Nilijua nikimwimbia jikoni atacheka, nami nilitaka anisikie mahali ambapo hapatakuwa na kicheko. Siku ikafika. Hakutaka chakula cha wageni wala kumwona mgeni mkubwa. Alitaka kunisikia.

Sasa mtu asiyetujua nimweleze. Kwetu, wimbo ukikugusa hukai. Unainuka, unapiga kigelegele, unamwendea mwimbaji na kumtuza. Mwenye pesa kwa pesa, mwenye leso kwa leso. Ukibaki kitako umemtukana, tena umemtukana mbele za watu. Shuleni nilifundishwa kinyume: watu hukaa kama wamemwagiwa saruji, hata kikohozi hukimeza, mpaka mwisho, ndipo makofi. Desturi hizo mbili nilikuwa nazivaa na kuzivua bila kufikiri, kama mtu avuavyo viatu mlangoni. Nilimwambia mamangu mahali pa kukaa, mahali pa kwenda haja, na asimpe mgeni mkono kabla hajapewa. Kumwambia anyamaze hakukunijia. Ni nani hata amwambie mtoa nyimbo anyamaze?

Taarabu ndiyo iliyoanza. Katikati ya wimbo wao wa pili, tajiri mmoja wa maduka aliinuka, amevaa kanzu yake nyeupe, akaenda taratibu huku akitikisa kichwa, akamwekea mwimbaji noti mkononi na kumpangusa jasho kwa kitambaa chake mwenyewe. Mgeni mkubwa alitabasamu. Afisa alipiga makofi. Nilikuwa nimesimama pembeni, nikamwona mamangu kwenye kiti chake cha nyuma akiitika kwa kichwa. Alikuwa ametua moyo. Aliona nyumba hii ina desturi kama za kwao.

Kisha nikaitwa mimi.

Nilivaa gauni la buluu la siku zangu za shule, lenye vifungo mpaka shingoni, nalo lilinibana kifuani kwa sababu kifua hakikuwa tena kile cha shule. Mtoto hakuruhusiwa kuingia; alikuwa nje na wifi yangu, chini ya dirisha. Mwalimu mmoja wa kike, Mhindi wa Goa, alikaa kwenye kinanda. Mikono yangu niliiacha ining'inie, kama nilivyofundishwa. Nikaimba wimbo wa Kijerumani ambao mwalimu wetu alikuwa akisema ndio kipimo cha sauti ya mtu.

Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Kabla ya wa pili, binti yangu akalia pale dirishani. Kila aliyenyonyesha anajua kilichofuata, na asiyejua amuulize mamake. Nilihisi maziwa yanashuka, joto, yanalowesha gauni, na mikono yangu imening'inia kama ya sanamu.

Hapo ndipo nikasikia kigelegele.

Alikuja katikati ya viti kwa hatua za vugo, bega moja likitangulia, leso mpya mkononi, haijapindwa hata ncha zake. "Huyu ni wangu!" alikuwa akisema. "Nimemzaa mimi huyu! Sikieni, ni wangu!" Akafika, akanitandika ile leso mabegani, akaivuta mbele na kuikutanisha kifuani pangu. Kama aliona nimelowa au hakuona, hata leo sijui, na kumuuliza siwezi.

Kicheko kilianzia viti vya mbele. Mgeni mkubwa akageuza shingo kumtafuta afisa. Afisa akaja haraka, akamshika mamangu kiwiko, na adabu yake yote akaja nayo.

"Mama, mama, hii si ngoma. Tafadhali. Twende nje."

Angemsukuma ningejua la kufanya. Alimshika kama anayemvusha mgonjwa barabara. Na kwa mkono wa pili aliitoa ile leso mabegani mwangu, polepole, kama mtu anayekuondolea jani lililokuangukia. Nikabaki mbele ya watu na gauni langu la buluu lenye madoa mawili meusi ya maji. Bibi mmoja mwenye kofia alitazama pembeni. Wanaume hawakutazama pembeni.

Mgoa hakuacha kupiga. Nami sikuacha kuimba. Tulikuwa tumefundishwa hivyo: likitokea lolote, usikate wimbo. Nikaimba ubeti wa pili na wa tatu, macho yangu juu ya mlango alikotolewa.

Nilipomaliza walinipigia makofi mengi kuliko wote. Mgeni mkubwa alisimama. Mume wangu aliniambia baadaye, kwa fahari, kwamba mgeni alisema, "Huyu ana nidhamu."

Nidhamu!

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, leso amerudishiwa, imekunjwa vizuri. Wenzake wamemzunguka na pembe zao. Nilikuwa nimemchukua mtoto na kumtia titi papo hapo nikitembea, sikujali tena nani anaona. Nilikuja na maneno mengi. Nilikuwa nataka kuwatukana wote, kuanzia mgeni mpaka kinanda. Yeye akaniwahi.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha mbele ya watu wako."

"Watu wangu akina nani, Mayo?" nikamuuliza; Mayo kwetu ni mama.

"Sikujua kwamba ule ni wimbo wa kukaa."

"Hujakosea kitu. Unanisikia? Hujakosea."

"Nimekosea. Niliwaona wakitazamana."

Mwenzake mmoja, mnene, mwenye ulimi kama wembe, akaingilia. "Wakitazamana nini? Kwani yule wa kanzu alipotuza, walimshika kiwiko? Au yeye pesa zake ndizo klasiki na leso yetu ndiyo ngoma?"

"Ule ulikuwa wimbo mwingine," mamangu akajibu.

Ndilo jambo lililonivunja. Sheria ya afisa, ambayo mimi nilibishana nayo kikao baada ya kikao, yeye alikuwa ameshaipokea. Alifundishwa mara moja tu. Mwanamke aliyewashinda ami zangu.

Afisa akatoka na bomba lake la kupazia sauti. "Akina mama wa ngoma, tayari! Mgeni anatoka!"

Wanawake wakainua pembe, wakamtazama mamangu atoe wimbo. Yeye akatazama chini.

"Toeni nyinyi," akasema. "Leo mimi koo limenikauka."

Yule mnene akatoa. Kwa haraka akatoa wimbo wa njiani, nao wako mlangoni. Siku nyingine mamangu angemkata katikati ya neno, na kungekuwa na ugomvi wa wiki nzima. Alisikia, nilimwona amesikia, shavu lake lilicheza. Akaikunja leso yake upya. Gari la mgeni likapita, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi.

Hakuwa na nguvu za kurudi Msambweni siku ile, akalala kwetu. Asubuhi, tukinywa chai, akaniuliza, "Ule wimbo wako, ulikuwa unasemaje?"

"Sijui, Mayo."

"Hujui vipi?"

"Ni Kijerumani. Tulifundishwa kwa kusikia tu, neno kwa neno."

"Kwa hiyo hata uliyekuwa ukimwimbia humjui."

"Simjui."

"Aa," akasema, akapuliza chai yake. Hakunicheka. Ningetoa chochote anicheke. Katika vugo, mtu akitoa ubeti ataulizwa: umemkusudia nani? Na atajibu, au atakimbia. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wilaya nzima nikimwimbia mtu nisiyemjua maneno nisiyoyajua, na kwa ajili ya maneno hayo mamangu akashikwa kiwiko.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda ofisini. Mume wangu aliniona nikipita mezani pake, akafungua faili na kuingiza uso ndani. Nikaingia kwa afisa bila kubisha hodi.

"Bwana afisa, wimbo niliouimba jana ulikuwa unasema nini?"

"Karibu, mama. Ulikuwa muzuri sana. Mgeni alifurahi."

"Sikuuliza mgeni. Ulikuwa unasema nini?"

"Ni klasiki."

"Hilo najua. Unasema nini?"

"Mama, klasiki hatuulizi inasema nini. Tunaheshimu tu."

"Mamangu aliuheshimu. Wewe ukamtoa nje."

Akaweka kalamu chini. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo, si ile ya bomba.

"Unadhani mimi sina mama? Mama yangu anaimba kuliko wako. Nimepata hii kazi, sherehe ngapi, sijawahi kumwita hata moja. Unajua kwa nini? Asitolewe."

Najua nilitakiwa kumhurumia hapo. Wanawake waliolelewa vizuri wangemhurumia. Mimi nilizidi kuwaka. Nilimwambia yeye angalau wake amemficha nyumbani mzima. Wangu amemrudisha akiwa nusu. Mtoto akaanza kulia mgongoni, nikatoka. Katika kamati sikuitwa tena, na mume wangu hakufukuzwa kazi, alhamdulillahi, maana siku nyingi alinitazama kama mtu anayesubiri barua.

Watu wa hapa bado hubishana. Redio imeingia karibu kila nyumba ya serikali, na ikibadilisha wimbo utawasikia wanaume barazani: huu ndio muziki, huo kelele, ule wa kizamani, huu wa watu waliostaarabika. Mimi siwaingilii. Nikiwaingilia nitatukana. Klasiki ya kwao naijua kwa alama moja: ni ule wimbo ambao ukiimbwa, mamangu anatolewa nje. Alama nyingine sijaonyeshwa na mtu.

Anakuja kututembelea mara kwa mara, kwa ajili ya mjukuu. Huko Msambweni bado anatoa vugo, wananiambia, tena kwa ukali ule ule. Lakini akiingia nyumbani kwangu anakaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya mapaja. Redio ikilia huniuliza, "Huu ni wa kukaa?" Hata ikiwa taarabu ananiuliza. Namwambia, "Mayo, hapa ni kwangu, fanya utakavyo." Naye husema, "La, majirani zako ni watu wa ofisi."

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa amesimama kwa kushika kiti. Ndiyo kwanza anajifunza. Redio ilikuwa imezimwa. Akafungua kinywa, akatoa sauti moja ndefu, akaishikilia, akaipandisha, akatushangaa sisi kana kwamba ni sisi tuliofanya. Haikuwa kilio. Ilikuwa wimbo, nasema mimi, na aliyesikia atasema hivyo. Mamangu akainuka nusu. Mkono ukamwendea mdomoni, kama wa mtu anayetaka kupiga kigelegele, ukasimama hapo. Kisha akanitazama mimi kwanza.

"Piga!" nikamwambia. "Piga, Mayo!" Nilisema kwa ukali hata mtoto akaachia kiti, akaanguka, akalia.